Sanda Sandukuni, Wasia Simuni

Wanawake watu wazima wa Biryogo, katika zama za utoto wangu, walikuwa na desturi ambayo mgeni aliyeingia Kigali kutoka milimani angeweza kuidhani ni uchuro: kila mmoja wao aliyeanza kuhisi kuwa magoti hayamtii tena anapoinuka katika mswala wake, aliweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga za arusi na vitambaa vya ukumbusho, bafta nyeupe iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wake, pamoja na karafuu maiti, ubani, kichupa cha marashi na kifundo cha fedha za kuwatunza waoshaji. Hakuna aliyelificha jambo hilo. Shangazi yangu, aliyezaliwa Ujiji akaolewa Nyamirambo angali mwari, alikuwa akiitoa sanda yake kila masika yanapokwisha ili aianike juani isipate ukungu, na sisi watoto tulitumwa tuketi kando yake kuilinda na kuku, tukicheza bao la vishimo ardhini pasipo khofu yoyote, kana kwamba kilichoanikwa ni shuka la kitanda.

Mtaa huo ulikuwa na sababu ya kuwa na tahadhari. Baada ya Richard Kandt, mwakilishi wa Ujerumani, kuweka makazi yake Kigali mwaka 1907, nyuma ya dola ya Wadachi walifuata askari, wapagazi na wachuuzi waliosema Kiswahili. Msikiti wa Al-Fatah ukajengwa mwaka 1913. Na Wabelgiji walipotawala waliwatenga watu wa dini yetu katika makao yao wenyewe, mbali na majirani. Watu waliokaa ugenini namna hiyo, wenye jamaa waliotawanyika Ujiji, Tabora, Bujumbura na hata Maskati, walijua kwamba maiti wa Kiislamu huzikwa siku ile ile kama ikiwezekana, kwamba ndugu wa damu huenda asifike, na kwamba kwa hiyo asiyejiandaa mwenyewe huwatwisha majirani mzigo wa kukisia. Sanda iliyomo sandukuni ilikuwa hisani kwa jirani zaidi kuliko ilivyokuwa hofu ya mauti.

Habari ya msiba siku hizo ilikwenda kwa miguu, au ilipelekwa Radio Rwanda, ambako matangazo ya vifo yalisomwa jina kwa jina, marehemu na jamaa zake wote, hata mtu wa Cyangugu akiwa amekaa na sahani yake ya maharagwe akajua kuwa ana msiba Kigali. Leo, kabla maiti hajafungwa kidevu, kundi la WhatsApp limekwisha kuundwa, lina picha yake na jina lake. Mweka hazina amekwisha kuteuliwa. Na nambari ya MoMo ya kupokea mchango imetumwa mara nyingi kadiri ya watu wanaouliza nambari iko wapi. Huduma hiyo ya kutumiana fedha kwa simu ililetwa Rwanda na MTN mwaka 2010, nami sidhani kama walioileta walikuwa wakifikiria matanga, walakini leo sijui matanga yangeendeshwaje pasipo hiyo. Siipendi, hata hivyo, ile orodha inayoongezwa mstari kwa mstari, fulani elfu hamsini, fulani elfu mbili, ikapita mbele ya macho ya watu mia mbili. Rambirambi ya zamani ilitiwa mkononi, kiganja juu ya kiganja, na aliyetoa kidogo alirudi kwake na heshima yake kamili.

Fikira ya kupanga mazishi kabla ya ajali haikunijia kwa ajili ya shangazi, bali kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, Mkristo, mtu wa Butare, ambaye tulifundisha pamoja miaka mingi na ambaye alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu. Alifariki ghafla, usiku, kwa maradhi ya moyo. Simu yake ilifunguliwa kwa alama ya kidole na kwa nambari ya siri aliyoijua yeye peke yake, naye alikuwa ndiye mweka hazina wa kikundi cha akiba cha walimu, kile wanachokiita ikimina, hata hesabu zote za wenzake zilikuwa zimelala mle ndani ya kioo cheusi, zikilia kila mtu alipopiga kutaka kujua habari. Mjane wake alishauriwa na kila aliyeingia mlangoni: huyu akasema jeneza la thamani, yule akasema kwaya mbili, mwingine akasema asizikwe mbali kwa kuwa wageni wengi ni wa mjini; na mwanamke yule, ambaye hakuwa na nguvu ya kubishana, akakubali yote. Tulimzika Rusororo, katika wilaya ya Gasabo, kwa adabu na kwa gharama kubwa. Baada ya maziko tulikaa katika ukumbi kwa lile tendo la kunawa mikono ambalo Wanyarwanda huliita gukaraba, na msemaji wa familia akauliza kama yupo anayemdai marehemu au anayedaiwa naye. Walisimama wenye madai. Wadaiwa hawakusimama.

Ilipita miezi kabla fundi mmoja hajafanikiwa kuifungua simu ile. Ndani yake, katika daftari la simu, mlikuwa na waraka alioupa kichwa cha habari kuwa ni wa siku ya mazishi yake, wenye tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, ulionyoshwa kwa utaratibu aliokuwa akitufundishia ofisini: nyimbo tatu na nani aimbe, jeneza la mbao za kawaida, wadeni wake kwa majina na kiasi, nambari ya hati ya kiwanja, na ombi, lililoandikwa pasipo msisitizo wowote, azikwe kwao karibu na mama yake. Mjane wake aliusoma mara moja akaifunika simu kwa kitambaa cha meza. Nimekutana na watu wengi waliokufa bila ya mpango, na jamaa zao huhuzunika kwa huzuni ya kawaida. Lakini sijaona huzuni iliyo kali kama ya mtu aliyeambiwa kila kitu baada ya wakati wake kupita, na marehemu yule, mtu mwangalifu kuliko sisi sote, alikuwa ametimiza kila sharti la busara isipokuwa moja tu la kumwambia mtu.

Kwa sababu hiyo nilianza kuulizia ni njia gani zilizopo, na vijana walinieleza mengi ambayo nayaeleza kwa ufupi, kwa kuwa si magumu. Kampuni ya Google tangu mwaka 2013 humruhusu mtu kuchagua wale watakaokabidhiwa barua pepe na picha zake ikiwa akaunti yake itanyamaza kwa muda atakaoutaja mwenyewe. Facebook tangu mwaka 2015 hukubali mtu amtaje atakayeutunza ukurasa wake baada ya kufa. Apple nao walifuata mwaka 2021. Hapa Rwanda, sheria ya mwaka 2021 inayolinda habari za siri za watu imekwenda mbali kuliko nilivyotazamia, kwani inamruhusu mtu kumtaja katika wasia wake mrithi wa habari hizo, na kumpa haki kamili au haki yenye mipaka juu yake. Haya yote ni mazuri. Lakini hebu msomaji afikiri: muda mfupi kabisa ambao Google hungoja kabla ya kumhesabu mtu kuwa hayupo ni miezi 3, na mrefu ni miezi 18, ilhali sisi mtu akifa alfajiri tunataka awe kaburini kabla ya alasiri. Wasia wa mazishi utakaofika baada ya miezi 3 utamkuta mwenyewe amekwisha kuota majani. Njia hizo zilibuniwa kwa ajili ya picha na barua, na kwa picha na barua zinafaa sana. Ama kwa mazishi hazina faida hata ya saa moja.

Nilimsimulia shangazi habari ya mwalimu, naye akanisikiliza huku akichambua mchele, asiinue uso wake mpaka nilipomaliza.

"Mwanangu," akasema, "sanda yangu mimi haikuwa na kufuli."

Kisha akanituma nikamwite mjukuu wake, binti aliyesomea mambo ya kompyuta na ambaye humlipia bibi yake umeme na maji kwa simu. Shangazi hakujua herufi za Kizungu. Alisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuoni Ujiji, na macho yake yalikuwa yamechoka hata kwa hizo. Kwa hiyo ikakatwa shauri kwamba wasia wake uwe wa sauti. Mabibi wa zamani wa pwani walipotaka kuusia waliusia kwa tungo, kama Mwana Kupona alivyomtungia binti yake alipokuwa mgonjwa, takriban mwaka 1858. Shangazi hakuwa mshairi, lakini alikuwa na kauli ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Siku ya kwanza ya kurekodi, jogoo wa jirani aliwika katikati ya maneno yake na muuza mboga akapita akinadi dodo na isombe. Mjukuu akataka waanze upya. Shangazi akakataa katakata, akasema kuwa atakayesumbuliwa na jogoo siku hiyo hana msiba.

Aliyataja mambo yake kwa mpangilio wa saa, tangu roho inapotoka, na hapa ndipo nilipoona kuwa mtu aliyehudhuria misiba mingi ana elimu isiyopatikana kwa fundi yeyote wa mitambo. Alimtaja mwanamke wa kumwosha, na wa badala yake ikiwa yule atakuwa safarini au amemtangulia. Alisema sanda iko wapi, na kwamba vipande vyote vitano viko tayari, visinunuliwe vingine kwa kujionyesha. Alisema kitambulisho chake kiko katika mfuko gani, na akamwagiza mjukuu akipige picha na kuiweka picha hiyo pamoja na sauti, kwa sababu, alisema, siku ya msiba watu hupekua nyumba nzima kwa ajili ya kijikaratasi. Naye alikuwa sahihi, maana tangu uandikishaji wa vifo ulipotiwa katika mitambo ya serikali, neno la kwanza analoulizwa mfiwa ni nambari ya kitambulisho. Alitaja madeni yake, makubwa na madogo, hata deni la ndoo mbili za mkaa. Akakataza asingojwe mtu wa safari, awe wa Maskati au wa Brussels. Akakataza asipigwe picha wakati wa kuoshwa wala uso wake usionyeshwe kwa mtu aliye mbali, ila njia ya kwenda makaburini wakitaka waitazame, kwa kuwa tangu zuio la korona la Machi 2020, tulipozoea kuzikana kwa kutazamana katika vioo, alijua kuwa walioko ng'ambo wataomba.

Mali hakuitia katika sauti. Alimwuliza shehe, naye akamkumbusha ayajuayo: kwamba deni hutangulia mirathi, kwamba wasia hauzidi thuluthi, kwamba mrithi hausiwi, na kwamba wasia unataka mashahidi, tena nyumba ina hati ya serikali na sheria ya nchi ina masharti yake. Basi habari za nyumba zikaandikwa kwa karatasi mbele ya notari, kwa wino na sahihi, na simu ikaachiwa yale yanayotakiwa kujulikana ndani ya saa sita. Nadhani mgawanyo huo ulikuwa wa hekima kuliko alivyojua mwenyewe. Na fedha alizoziacha katika MoMo hazikupata kuzidi gharama ya gari la maiti na wachimba kaburi. Kilichozidi alikitoa akakitumia, kwani hakutaka warithi wake wakasimame dirishani na vyeti kwa ajili ya faranga elfu kumi.

Sehemu ya mwisho ya sauti ile haikuhusu mazishi yake. Shangazi alikuwa Nyamirambo mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari. Alitaja majirani, mmoja baada ya mmoja, na mahali alipomwona kila mmoja kwa mara ya mwisho: huyu kwenye kizuizi cha barabara, yule akiwa na mtoto mgongoni akielekea bondeni. Wengine miili yao ilipatikana wakati wa mahakama za Gacaca, wakazikwa kwa heshima. Wengine haikupatikana mpaka leo. Katika kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, wamelazwa watu zaidi ya 250,000, na tangu mwaka 2010 iko hifadhi ya kidijitali ambamo sauti za walionusurika na habari za waliouawa zinatunzwa. Shangazi aliitaka sehemu hiyo ya maneno yake ipelekwe huko, nayo ilipelekwa. Nilipoisikia nilifahamu kwa nini alikuwa mkali sana juu ya maziko ya fahari. Mwanamke aliyejua idadi ya watu waliokosa hata shimo hakuweza kuvumilia kusikia mabishano juu ya idadi ya ng'ombe wa kuchinjwa.

Sauti hiyo ilitunzwa na watu watatu: mjukuu, mimi na yule mwoshaji. Mwoshaji alikuwa ni uchaguzi wa shangazi mwenyewe, naye alitoa hoja kuwa ndugu wanaweza kupigana, lakini mwoshaji hana budi kuja.

Alifariki nyumbani, baada ya adhana ya alfajiri, na jua halijapanda sana mpwa wake wa Brussels alikwisha kuandika katika kundi kwamba amepata nafasi katika ndege na kwamba shangazi yake asizikwe mpaka atakapofika. Wengi walimwunga mkono. Baadhi yao kwa mapenzi, baadhi kwa sababu ndiye hutuma fedha za karo. Mjukuu akatoka uani na simu mkononi. Mzee mmoja wa makamo ya baba yangu akasimama kumzuia, akasema si adabu kusikilizisha sauti ya maiti ilhali mwili wake uko ndani haujaoshwa, na kwamba wanawake watapiga mayowe. Sikuidharau hoja yake, wala siidharau leo. Sauti ya mtu ni sehemu ya mtu, na hakuna kitabu cha fiqhi cha wazee wetu kilichoijua hali ya maiti kusema. Imamu akatoa hukumu ya kati: wasia lazima usikilizwe, ila usisikilizwe uani, waingie ndugu wa karibu peke yao, na mwoshaji awepo kwa kuwa ametajwa. Tukaingia. Jogoo akawika ndani ya simu, na binamu yangu mmoja, aliyekuwa akilia, akacheka. Lilipofika neno la kutomngoja mtu wa Brussels, mjukuu akamtumia mpwa yule kipande hicho pekee. Hakujibu kwa muda mrefu. Kisha akaandika, "Hewala, shangazi," kana kwamba anamjibu mwenyewe.

Tulimzika kabla ya alasiri. Kila kilichotajwa kilikuwa mahali pake, hata kijitabu cha deni la mkaa.

Lakini lipo lililomshinda hata yeye. Katika kundi la mchango, watu walitoa zaidi ya mahitaji, kwa kuwa alipendwa na kwa kuwa, kama nilivyosema, orodha ile huwatia watu haya ya kutoa kidogo. Na baada ya kulipa kila kitu ikabaki akiba ambayo hakuna aliyeitazamia. Mmoja alitaka itiwe katika khitma, mwingine akataka isomeshe watoto yatima, wa tatu akasema kilichochangwa kwa ajili ya maiti hakiwezi kugeuzwa bila idhini ya kila aliyechanga, nao ni watu mia mbili walio katika nchi sita. Mweka hazina, kijana mwaminifu, alikonda. Tuliisikiliza sauti ya shangazi tena tangu mwanzo mpaka mwisho tukitafuta neno moja la kutuokoa, na halikuwamo. Mambo yakaamuliwa na shehe, baada ya maneno mengi makali ambayo baadhi yake bado yamo katika simu za watu na ambayo natamani yangefutwa.

Mimi nami nimekwisha kurekodi yangu. Nimefuata mpango wa shangazi karibu wote: vipande vifupi vifupi, kila kimoja na jambo lake, ili kitumwe pasipo kukata kingine, karatasi ya mali kwa notari, picha ya kitambulisho, barua pepe zangu na picha zimepewa mrithi wake kwa njia ya Google, na muda wa kungoja nimeuweka miezi 3. Nimeongeza kipande kuhusu ziada ya mchango: ikiwapo, ipewe madrasa, na orodha ya waliochanga isitumwe katika kundi, mweka hazina abaki nayo. Sauti inatunzwa na mwanangu wa kike, na jirani ambaye si ndugu. Wa tatu ndiye tunayemjadili bado nyumbani. Mke wangu anasema yeye hataki kuisikia nikiwa hai, na kwamba nambari ya siri ya simu yangu anaijua tangu zamani. Nilipoibadilisha ili kumjaribu, aliijua na hiyo pia.